Kazi ya Kwanza Saluni: Tathmini ya Ofa Wanazopewa Wahitimu wa Urembo

Kinachopimwa hapa hakiuzwi dukani. Ni ofa ya kazi ambayo saluni na spa humpa mtaalamu wa urembo aliyemaliza chuo juzi: tangazo, siku ya majaribio, mkataba, na malipo ya miezi ya mwanzo. Kila mwajiri huifunga kwa karatasi yake, ila ukiifungua utakuta vipande vilevile na hitilafu zilezile.

Kila kipande tumekipima kwa swali moja: ugeni wa mhitimu unagharimiwa na nani? Maana ugeni una gharama, tusidanganyane. Mhitimu hutumia dakika 75 kwa kazi ambayo mzoefu huimaliza kwa 60, bado hana wateja wanaomuulizia kwa jina, na lazima awepo mtu wa kumtupia jicho. Ofa nzuri huigawa gharama hiyo kati ya pande mbili. Ofa nyingi humtwisha mhitimu yote, kisha humwambia ashukuru kwa kupata uzoefu.

Tangazo: 4 kati ya 10

Kasoro ya kwanza huonekana kabla hata ya kupiga simu. Nafasi inaitwa ya mwanzo, malipo ni ya mwanzo, lakini sharti ni uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Mara nyingine mwajiri amenakili tangazo la mwenzake bila kufikiri. Mara nyingi zaidi sharti hilo limewekwa makusudi ili litumike wakati wa kupatana mshahara: "Sifa hujatimiza, lakini tutakusaidia." Msaada huo hukatwa kwenye malipo.

Sharti la pili ni "uje na wateja wako." Mhitimu hana wateja. Anao ndugu na marafiki waliokubali kufanyiwa mazoezi wakati wa masomo. Mwajiri anayetaka mtu aje na wateja anatafuta mshirika wa biashara, na mshirika halipwi kama msaidizi. Siku hizi kuna na lile la idadi ya wafuasi mtandaoni, ambalo ni sharti hilohilo limevaa nguo mpya.

Halafu picha ya mwili mzima, urefu, weupe wa ngozi, kama umeolewa, kama una mpango wa kuzaa. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonyesha kama mtu anaweza kusawazisha nyusi mbili. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unakataza ubaguzi katika ajira kwa misingi inayojumuisha rangi, jinsia, dini na asili ya mtu. Namba 183 wa mwaka 2000 unataka nchi zizuie waajiri kumdai mwanamke anayeomba kazi kipimo cha ujauzito, isipokuwa pale sheria inapomkataza mjamzito kazi fulani au kazi yenyewe inapohatarisha afya yake na ya mtoto. Utekelezaji hutegemea sheria za kila nchi, lakini mhitimu akijua kwamba jambo hilo limeandikwa, hatalichukulia kama desturi ya kawaida ya fani.

Ukiombwa pesa ya fomu, ya "kuingizwa kwenye mfumo" au ya kuunganishwa na saluni, alama inashuka hadi sifuri. Mkataba namba 181 wa mwaka 1997, unaohusu mawakala binafsi wa ajira, unaweka kanuni kwamba wakala asimtoze mtafuta kazi, isipokuwa pale nchi imeruhusu kwa sababu maalumu. Anayestahili kulipa ni yule aliyehitaji mfanyakazi.

Siku ya majaribio: 2 kati ya 10

Hiki ni kati ya vipande vibovu kabisa, nacho kinasikitisha kwa kuwa wazo lenyewe ni zuri. Urembo ni kazi ya mikono. Cheti peke yake hakimwonyeshi mwajiri mikono hiyo inavyotembea juu ya ngozi. Jaribio la vitendo lina haki ya kuwepo. Tatizo ni urefu wake, na nani amelala kitandani.

Tuhesabu muda. Maswali ya awali kwa mteja, dakika 10. Nyusi kwa waksi, yaani nta ya kung'olea nywele, 15. Miguu kuanzia magotini kushuka chini, 30. Manikyua na rangi ya kawaida, 45. Huduma kamili ya uso, 60. Jumla ni dakika 160, yaani saa mbili na dakika 40, na hapo umeshaona karibu kila kitu. Mwajiri anayeijua kazi hahitaji hata yote hayo. Kwenye waksi peke yake anaona mengi: je, mikono imeoshwa kabla glavu hazijavaliwa? Je, mteja ameulizwa kuhusu dawa anazotumia? Mtu anayemeza isotretinoin ya chunusi ngozi yake huchubuka kirahisi, hafanyiwi waksi. Joto la waksi limejaribiwa kwenye kifundo cha mkono? Waksi ya kitambaa imepakwa kufuata uelekeo wa nywele, ikavutwa kinyume chake, karibu na ngozi, huku mkono wa pili umekaza ngozi? Anayevuta kwenda juu badala ya kulaza mkono huvunja nywele na kuacha michubuko, na nywele zilizovunjika ndizo zinazorudi zikiota ndani ya ngozi. Na kijiti kilichogusa ngozi hakirudi chunguni, huchukuliwa kingine. Haya yote huonekana katika nusu saa, kwa modeli, yaani mtu aliyejitolea kufanyiwa huduma bila malipo.

Siku nzima ya nini, basi? Wiki ya nini?

Kipimo chetu ni chepesi: kama aliyelala kitandani atapita mapokezi kulipa, hiyo ni kazi, na kazi ina ujira. Mwajiri anayeweka wahitimu watano kwa zamu, kila mmoja siku mbili "tuone kwanza," amepata siku kumi za mtaalamu bila kumlipa mtu, mara nyingi zikiangukia wikendi au msimu wa shughuli nyingi. Dalili yake ni tangazo lisilokufa: nafasi ileile, saluni ileile, kila baada ya wiki chache. Kabla ya kwenda, rudi nyuma kwenye kurasa za saluni hiyo uone nafasi hiyo imetangazwa mara ngapi.

Kuna hila nyingine zinazopita bila kuonekana. Unaambiwa uje na modeli wako, naye akifika anatozwa "nusu bei." Unaambiwa uje na waksi, vitambaa na rangi zako, bidhaa zinaisha kwa wateja wao. Na kuna suala ambalo karibu hakuna anayeuliza: bima. Mteja akiungua kwa waksi mikononi mwa mtu ambaye hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi, nani anamfidia? Uliza kwa maneno hayohayo. Mwenye saluni akibabaika, usimguse mteja yeyote anayelipa.

Jaribio humpima mwajiri pia. Rangi ya kope au nyusi hutakiwa kutanguliwa na kipimo cha mzio saa 24 hadi 48 kabla ya huduma. Ukifika ukaambiwa umpake rangi ya kope mtu aliyeingia sasa hivi bila kipimo hicho, umeshajua saluni hiyo inaendeshwaje. Kukataa ndiyo jibu sahihi la mtihani, hata kama mtahini hajui.

La usalama: mwajiri anayetaka yeye mwenyewe ndiye awe modeli wa masaji au waksi ya sehemu za siri, mlango umefungwa, hakuna mfanyakazi mwingine ndani, hafanyi mtihani wa kazi. Mkataba namba 190 wa mwaka 2019 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini unawataja waziwazi waombaji kazi na wanagenzi miongoni mwa wanaolindwa. Omba mfanyakazi mwingine awe modeli, au awepo chumbani. Ukikataliwa, chukua begi lako.

Kabla ya siku yenyewe, tuma ujumbe mfupi wa maandishi. Usiwe wa kugombana. Kitu kama hiki kinatosha:

"Habari za kazi. Asante kwa kunialika kwenye jaribio. Naomba kuthibitisha: litachukua saa ngapi, nitafanya huduma zipi, modeli na bidhaa zinatoka kwa nani, na kama nitahudumia wateja wanaolipa, malipo yangu ya siku hiyo yatakuwa kiasi gani? Nitashukuru kupata jibu ili nijiandae vizuri."

Mwajiri mwenye nia njema hujibu kwa mistari mitatu. Anayekasirika kwa ujumbe huo amekuokolea nauli.

"Wewe umejiajiri": 1 kati ya 10

Alama hiyo moja tumeitoa kwa sababu kukodi kiti kwa kweli kupo, na kwa mzoefu kunalipa. Mwenye kukodi hulipa kodi iliyokubaliwa, hupanga bei yake, hushika daftari lake la miadi, hununua bidhaa zake, na akiondoka huondoka na orodha ya wateja wake.

Anachopewa mhitimu ni mchanganyiko wa ajabu. Anaambiwa amejiajiri, lakini saa za kuingia na kutoka amepangiwa, sare amepangiwa, bei imepangwa na saluni, pesa inapita mapokezi ya saluni, na akiugua hawezi kumtuma mwenzake. Likizo hana, kinga ya ugonjwa hana, na kodi ya mapato ajitafutie mwenyewe. Kuna wanaolipa kodi ya kiti na bado wanaacha asilimia ya mauzo juu yake.

Pendekezo namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linasema uhusiano wa ajira utambuliwe kwa hali halisi ya kazi inavyofanyika, bila kujali pande mbili zimeuitaje. Viashiria vyake ni vya kawaida kabisa: kufanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, kwa saa na mahali alipopanga, kwa vifaa vyake, kwa malipo ya vipindi maalumu. Weka kila sharti la mkataba kwenye kundi mojawapo, lako au lao. Yao yakizidi, wewe ni mwajiriwa, hata karatasi iseme nini.

Kamisheni: 3 kati ya 10

Asilimia inayotajwa kwenye usaili karibu kamwe si asilimia utakayopokea. Chukua huduma iliyouzwa kwa 100. Kabla ya hesabu yako, saluni huondoa kodi ya mauzo, tuseme 15, kisha "gharama ya bidhaa" 10, kisha ada ya kadi na mapokezi 5. Inabaki 70. Asilimia yako 30 inahesabiwa hapo, unapata 21. Kutoa kodi ya mauzo ni haki, kwa kuwa si pesa ya saluni. Mengine yanajadilika, na makato ya bidhaa yasiyo na hesabu ya matumizi halisi ni namna tu ya kukata asilimia mara mbili.

Mtego mkubwa zaidi ni wa kiwango cha kuanzia. Mkataba unasema kamisheni ya asilimia 10 huanza mauzo yakifika mara tatu ya mshahara. Mshahara ukiwa 100, lengo ni 300. Ukiuza 320, je, unalipwa asilimia 10 ya 320, yaani 32, au ya ziada tu ya 20, yaani 2? Maneno ya mkataba mara nyingi hayasemi, na penye ukimya mwenye sanduku la pesa ndiye anayetafsiri.

Halafu punguzo. Saluni inatangaza nusu bei kwa wateja wapya ili kujaza vitanda. Wateja hao wanapelekwa kwa nani? Kwa mhitimu, kwa kuwa ratiba yake ndiyo ina nafasi. Kamisheni yake inahesabiwa kwa bei iliyopunguzwa, kazi ni ileile ya saa nzima. Kwa maneno mengine, yeye ndiye anayegharimia tangazo. Dai kamisheni ihesabiwe kwa bei ya kawaida. Saluni ikishindwa kabisa, angalau idadi ya wateja wa punguzo kwa siku iwe na kikomo na igawanywe kwa wote.

Ugawaji wa wateja wanaoingia bila miadi ni sumu nyingine isiyo na harufu. Wakongwe wakichukua huduma za uso na mhitimu akabaki na nyusi za dakika 15, lengo la mauzo halifikiki hata akifanya kazi bila kupumua, na baada ya miezi mitatu ataambiwa "namba zako haziridhishi." Uliza: wateja hao wanagawanywa kwa zamu, au kwa matakwa ya mapokezi?

Saa za kusubiri na saa za kusafisha

Kuna saluni zinazolipa tu muda ambao mteja yuko kitandani. Siku ya saa 9 yenye wateja wanne wa saa moja moja hulipwa saa 4. Zile 5 zilizobaki mhitimu hakulala: amefua taulo, amepokea simu, amepiga picha za kucha kwa ajili ya ukurasa wa saluni, amesubiri otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu vya vifaa kwa mvuke. Kwa hesabu hiyo, malipo ya saa yaliyotajwa kwenye usaili yameshuka hadi chini ya nusu, asilimia 44 hivi.

Hapa dhuluma ya malipo inageuka kuwa hatari kwa mteja. Otoklevu hutakiwa kushikilia nyuzi joto 121 za Selsiasi kwa angalau dakika 15, mbali na muda wa kupasha moto na kukausha. Kitanda kinahitaji dakika 10 hadi 15 kati ya mteja na mteja. Ratiba ikipangwa saa kwa saa bila nafasi, na muda wa kusafisha haulipwi, kitakachorukwa kinajulikana. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi na bado vikaambukiza, na kibanio cha kucha chenye tone la damu lisiloonekana kinatosha. Kwa hiyo kwenye usaili omba kuona daftari la miadi la jana. Ukiona 9:00, 10:00, 11:00, 12:00 bila mwanya, umeshapata jibu la maswali mawili kwa pamoja.

Mafunzo, makato na vyeti

Mkataba wa kurejesha gharama za mafunzo si uovu wenyewe. Saluni ikikulipia kozi ya maana, ina haki ya kutaka ukae kidogo. Kinachokera ni kufungwa miaka mitatu kwa siku mbili za kuonyeshwa matumizi ya bidhaa, mafunzo ambayo mara nyingi muuzaji wa bidhaa huyatoa bure kwa saluni iliyonunua mzigo wa kwanza. Omba ankara ya mafunzo iambatishwe kwenye mkataba. Kisha deni lipungue kila mwezi: gharama igawanywe kwa 12, ukiondoka baada ya miezi 9 unadaiwa sehemu 3 tu kati ya 12. Deni lisiloshuka hata kidogo hadi siku ya mwisho limewekwa ili kukuzuia.

Sare, vifaa, chupa iliyovunjika, mteja aliyerudi kulalamika: kila makato yaulizwe yameandikwa wapi. Mkataba namba 95 wa mwaka 1949 wa kulinda ujira unataka makato yafanyike tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na unakataza makato ambayo kwa kweli ni malipo ya kupata au kubakiza kazi.

Vyeti halisi usiviache. Peleka nakala zilizothibitishwa, onyesha vyeti vyenyewe, ondoka navyo. Na mwajiri akiomba kitambulisho chako "tukitunze ofisini," fahamu kwamba kushikilia hati za utambulisho ni mojawapo ya viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa vinavyotumiwa na Shirika la Kazi Duniani. Hakuna sababu ya kiofisi inayohitaji zaidi ya nakala.

Kipindi cha matazamio hatuna mengi ya kukisemea: tarehe ya mwisho iandikwe, na vigezo vya kupita viandikwe. Kinachoongezwa kila miezi mitatu kwa neno la mdomo si matazamio tena.

Ofa tunayoweza kuipa 8

Ipo, na haihitaji saluni tajiri. Jaribio la saa mbili hadi tatu kwa modeli, au lenye ujira kama wateja wanalipa. Mshahara wa msingi usiotegemea kamisheni kwa miezi sita ya mwanzo, wakati mhitimu anajijengea wateja. Ratiba inayoanza na nafasi za dakika 75 kwa huduma ya saa moja, ikipungua kadiri mkono unavyozoea. Orodha ya huduma zinazoidhinishwa moja moja: leo waksi ya miguu, baada ya kuonwa mara kadhaa, ya kwapa, mtu asirushwe kwenye mashine za ngozi wiki ya kwanza kwa sababu tu mwenye kazi hiyo hayupo. Jina la mkongwe anayemsimamia, na muda wa mkongwe huyo ulipwe pia, maana usimamizi wa bure haufanyiki. Saa zote za kuwa kazini zilipwe, taulo zikiwemo. Mbili tulizobakiza ni za kamisheni, kwa sababu hata saluni nzuri bado huandika kifungu hicho ovyo.

Kwa ambaye tayari amefanya jaribio la wiki na hakulipwa, madai ya namna hii hukwama zaidi kwenye ushahidi kuliko kwenye sheria. Andika siku hiyohiyo, kwenye daftari au simu: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, huduma ulizofanya na bei yake kwenye orodha ya saluni. Piga picha ya tangazo kabla halijafutwa na ya ratiba ya siku ukutani, bila majina ya wateja. Hifadhi ujumbe ulioalikwa nao. Kisha andika dai fupi kwa mwajiri, ukitaja saa na kiasi, umpe siku 14 za kujibu. Asipojibu, peleka dai hilo na viambatisho vyake kwa ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi, na uulize mapema muda wa mwisho wa kufungua madai, kwa kuwa katika nchi nyingi muda huo ni mfupi.